Mashine Isiyosubiri

Nyumbani kwangu Mpitimbi nina wapiga muziki watatu wasiokula ugali. Mmoja hupiga ngoma, wa pili gitaa zito la besi, wa tatu gitaa la kuitikia. Hawanywi pombe, hawadai nauli, hawapatwi na msiba wala hawaendi shamba, na hata nikiwaamsha usiku wa manane wanaamka. Wanakaa ndani ya kompyuta ndogo ya kubebeka aliyoniachia mwanangu alipokuja likizo. Kazi yangu ni kuwaandikia majina ya zile sauti zinazopigwa kwa pamoja, ambazo wanamuziki wetu huziita kodi (wala si ile ya serikali), kuwachagulia mdundo na mwendo, kisha kubonyeza kitufe. Wanahesabu mapigo manne, wanaondoka. Mimi nawafuata na kinanda.

Nasema nawafuata kwa sababu ndivyo ilivyo. Nikikosea kidole katika mstari wa tatu, wao wamekwisha kufika wa nne. Nikisita kuitafuta noti, wao hawana habari. Mke wangu huwa uani akipukuchua mahindi, na mchezo huo amekwisha kuuzoea. Akisikia kinanda kimenyamaza na ngoma bado zinaendelea, hupaza sauti: "Mzee, wenzako wamekuacha tena!"

Sina haja ya kuificha faida niliyoipata. Nimestaafu ualimu zamani, vidole vimeanza kuwa vigumu, na kama si wasindikizaji hawa nisingekuwa nikikifunua kinanda kila jioni. Lakini neno lenyewe, kusindikiza, ndilo lililonitia katika mawazo nitakayoyaeleza hapa. Katika Kiswahili chetu humsindikiza mgeni anapoondoka. Unatoka naye, unambebea mzigo, na unakwenda kwa mwendo wake yeye. Mgeni akiwa kikongwe, nawe unatembea kikongwe. Akisimama kutoa kijiwe kiatuni, unasimama. Anayemwacha mgeni nyuma na kutangulia hadi kituo cha basi hatuwezi kusema amesindikiza. Basi hawa watatu wangu wanafanya nini?

Msindikizaji wangu wa kwanza alikuwa mtoto mwenzangu. Mpitimbi iko kusini ya mji wa Songea, upande wa kuelekea Msumbiji, na katika miaka ya mwanzo ya Uhuru hapakuwa na kitu chochote cha kupigia muziki kwa umeme, kwa kuwa umeme wenyewe haukuwapo. Kanisani kulikuwa na kinanda cha kukanyaga. Anayekijua kinanda hicho anajua kwamba sauti yake ni upepo: miguu inakanyaga mbao mbili kwa zamu, viriba vya ndani vinajaa, na upepo unapita katika vijiulimi vya shaba pale kidole kinapobonyeza. Miguu ikisimama, wimbo unakufa. Nilipoanza kufundishwa nilikuwa na miaka tisa hivi, na miguu yangu ilikuwa haifiki chini. Mwalimu akatafuta dawa. Akamweka mtoto mwingine wa rika langu akae sakafuni chini ya kinanda, akanyage kwa mikono.

Huyo ndiye ninayemwita hapa mwenzangu. Alikaa kule gizani miezi mingi, akipata vumbi na kupigwa na magoti yangu. Hakuwa akiziona noti wala vidole vyangu. Hata hivyo baada ya muda alijua ninapokaribia pahali pagumu. Alikuwa akiisikia pumzi yangu inavyobadilika, naye akaupunguza upepo kidogo kidogo, sauti ikashuka, kosa likapita kama linalosemwa kwa kunong'ona. Nikishavuka alikanyaga kwa nguvu, wimbo ukapanda, na mwalimu akanisifu mimi. Nikisahau kabisa alizuia upepo wote, kinanda kikakata, na yeye akatoa kichwa na kusema kwamba mbao imekwama. Viboko alivyokula kwa ajili ya mbao zilizokwama sikupata kumlipa.

Wakati huo ngoma haikuingia kanisani. Hili si jambo la Ungoni peke yake. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa waraka kuhusu muziki wa kanisa, akakataza piano ndani ya nyumba ya ibada pamoja na vyombo vya kelele, na ngoma zikatajwa humo. Wabenediktini walikuwa wamekwisha kufika kwetu. Misheni ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Padri Cassian Spiss, ambaye baadaye akawa askofu na akauawa mwanzoni mwa Vita vya Majimaji, Agosti 1905. Peramiho yenyewe ilichomwa moto, na tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga wazee wa Kingoni na wapiganaji wao pale Songea. Watoto waliozaliwa baada ya hapo walikua kati ya muziki wa namna mbili. Kinanda kilikuwa ndani, na lizombe ilikuwa nje, chini ya mwembe, na mtu mmoja aliweza kuvipenda vyote viwili ilmradi asivichanganye. Bibi yangu alikuwa mwanamke wa rozari, lakini lizombe ikilia ng'ambo ya mto alikuwa akipepeta unga kwa mapigo yake bila ya kujijua.

Aliyelisema jambo hilo kisomi alikuwa padri wa huku huku kusini, Stephen Mbunga. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitunga misa ya Kiswahili iitwayo Baba Yetu, na mwaka 1963 kikachapishwa nchini Uswisi kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Alizichambua sheria zile moja moja na kuuliza zinawahusu vipi watu ambao muziki wao una mapigo ya ngoma ndani ya lugha yenyewe. Mwaka huo huo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati ya liturujia. Kinanda kikubwa cha mabomba kikaachiwa heshima yake, lakini vyombo vingine navyo vikafunguliwa mlango, kwa idhini ya wakuu wa Kanisa wa mahali husika, na muziki wa mataifa yenye mapokeo yao ukaagizwa utunzwe.

Habari hizo hazikutufikia kwa siku moja. Lakini zilipofika miguu yangu ilikuwa imerefuka na mwenzangu hakuwa na kazi tena chini ya kinanda. Alitoka mle akajipangusa vumbi, na muda si mrefu alikuwa amesimama kando yangu na ngoma. Tulipiga pamoja kwa miaka, hadi nilipokwenda chuo cha ualimu.

Kuna hati nyingine niliyoijua nikiwa mtu mzima sana, na ningeijua mapema pengine mambo fulani yasingetokea. Ilitolewa na Idara ya Ibada ya Roma tarehe 3 Septemba 1958, katika siku za mwisho za Papa Pius wa Kumi na Mbili. Inakataza katika ibada vyombo vinavyojipiga vyenyewe: vinanda vya mashine, santuri, redio, vinasa sauti na vingine vya jamii hiyo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitabasamu, nikiwafikiria wazee wa Roma wakiiogopa gramafoni. Lakini kifungu kinachofuata kinasema kwamba mashine hizo hizo zinaweza kutumika kuwafundishia waamini nyimbo. Katika kujifunza, ruhusa. Katika kuimba kwenyewe, hapana. Tabasamu likaniondoka.

Maana mashine za kujifunzia zilikuwa zimekwisha kuzaliwa. Mwaka 1950 huko New York mtu aitwaye Irv Kratka alianzisha kampuni ya Music Minus One, iliyouza santuri zenye bendi nzima isipokuwa chombo kimoja. Anayejifunza alinunua santuri iliyokosa chombo chake na kuijaza nafasi ile sebuleni kwake. Mwaka 1967 Mmarekani mwingine, Jamey Aebersold, mpiga saksafoni, alianza kutoa santuri za namna hiyo kwa wanafunzi wa jazi. Ubaya wa santuri ni kwamba wimbo haubadiliki. Ukitaka upigwe taratibu zaidi, au upandishwe sauti moja, huna la kufanya. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme wakakubaliana lugha moja ya kuviunganisha vyombo vyao na kompyuta, iitwayo MIDI, ambayo haibebi sauti bali maagizo: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, achia. Maagizo unaweza kuyaharakisha au kuyapoza upendavyo. Kwa lugha hiyo daktari mmoja wa Kanada, Peter Gannon, akaleta mwaka 1990 programu ya Band-in-a-Box. Ndiyo baba wa hizi zote: unaandika kodi, unachagua mtindo, nayo inakutungia besi, ngoma na piano papo hapo.

Sisi tulikuwa mbali na habari hizo. Vijana wa leo hawaamini nikiwaambia kwamba mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mahesabu ya Hazina kuharibika katika mashine, na kwamba runinga nazo zilihusika katika marufuku hiyo. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya televisheni mwaka 1994. Lakini kinanda kidogo cha plastiki hakikuhesabiwa kuwa kompyuta, ingawa tumboni mwake ndicho kilivyokuwa. Casio walianza kuuza Casiotone yao mwaka 1980, na ndugu zake wakafuata, wakiwa na safu ya vitufe vya midundo: walzi, samba, bosanova, rumba, roki.

Hapa nina kisa ninachokipenda. Midundo ya kinanda kimoja cha Casio cha mwaka 1981, MT-40, ilitungwa na binti aliyekuwa ametoka masomoni, Hiroko Okuda, huko Japani. Mdundo wake mmoja wa roki ulifika Jamaika, na mwaka 1985 Wayne Smith akauimbia wimbo ulioitwa Under Mi Sleng Teng. Wajamaika wakaugeuza mdundo ule kuwa wao, na nyimbo zilizojengwa juu yake tangu hapo ni mamia. Hivyo hata ndani ya kitufe mna mtu. Wala sisi hatukuwa wajinga wa kugeuza vya wageni. Babu zetu walizitazama bendi za matarumbeta ya askari, pwani wakafanya beni, na beni ilipopanda bara hadi Ziwa Nyasa ikazaa mganda, unaochezwa mpaka leo na Wamatengo na Wanyasa kwa mistari iliyonyooka kama ya gwaride. Zanzibar Ikhwani Safaa ya mwaka 1905 ilijengwa juu ya vyombo vya Misri, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 East African Melody wakaifupisha taarabu kubwa ikaingia katika vinanda vya umeme. Wazee wa taarabu walilalamika, harusi zikaendelea.

Kwa hiyo kinanda cha umeme kilipotufikia, katika miaka hiyo hiyo ya 1990, sikukiona kuwa adui. Kwaya niliyokuwa nikiifundisha ilipewa na mgeni. Kilikuwa na vitufe vya midundo zaidi ya hamsini, na kilikula betri kubwa sita. Jumapili ya kwanza nilibonyeza rumba, nikaipunguza mwendo, kwaya ikaimba, na watu walitoka kanisani wakisema tumeendelea. Ngoma ya mashine haikuchelewa mazoezini. Haikutaka kuota moto wakati wa masika ili ngozi ikaze. Haikubishana nami juu ya mwendo. Wapiga ngoma walikuwa wanne, mwenzangu akiwa mkubwa wao. Sikuwaambia waondoke, niliwaambia wapumzike kwanza tukizoee chombo.

Walipumzika. Mwenzangu alikuja Jumapili tatu akakaa benchi la nyuma ya kwaya, mikono juu ya magoti. Jumapili ya nne akakaa na waumini wengine. Baada ya hapo akawa anasali kigango cha jirani. Tulipokutana njiani tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto na mbolea. Sikumuuliza kwa nini, kwa sababu nilijua, naye hakunieleza, kwa sababu alijua kuwa najua. Miaka mingi ilipita namna hiyo. Nakumbuka sikukuu moja betri ziliisha katikati ya wimbo wa sadaka. Sauti ikazama, mdundo ukakoroma, kimya. Kwaya ikaendelea kuimba kwa woga, kila mtu na mwendo wake, nami nikageuza kichwa upande ule walikokuwa wakikaa wapiga ngoma. Palikuwa na viatu vya watoto.

Umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018. Hadi wakati huo mji ulitegemea majenereta ya dizeli. Siku hizi kijana wa kwaya ana simu mfukoni. Kuna hazina ya nyimbo za kwaya katika intaneti, Swahili Music Notes, ambamo unapata noti za watunzi kama Bernard Mukasa na John Mgandu, na pamoja nazo faili za MIDI. Vijana wa sauti ya nne, ambao katika enzi zangu ilibidi niwaimbie mstari wao mara ishirini huku sauti ya kwanza wakisinzia, wanausikiliza nyumbani wakichunga ng'ombe na kuja mazoezini wakiujua. Mwalimu yeyote atakayesema hiyo ni hasara hakupata kufundisha sauti ya nne. Nadhani wazee wale wa 1958 walikuwa wameona mbali kuliko nilivyowadhania. Mimi niliichukua mashine ya kujifunzia nikaikalisha kwenye kiti cha mtu.

Mwaka jana, nilipokwisha kuzoea programu, niliitafuta lizombe ndani yake. Ina mitindo mingi mno. Kuna ya Brazili, ya Kuba, ya Ireland. Lizombe hamna. Nikajaribu kuitengeneza mwenyewe kwa kupanga mapigo kwenye vijisanduku, moja moja, ngoma kubwa hapa, ndogo pale. Niliweka kila pigo mahali pake kama nilivyolikumbuka. Ikatoka kitu kilichofanana na lizombe kama picha ya pasipoti inavyofanana na mtu. Nikasogeza mapigo mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikaharibika zaidi. Nikajua nani anaweza kunisaidia, na kujua huko kulinichukua majuma matatu kabla sijafunga safari ya nusu saa kwa miguu.

Alinipokea kama tuliyeachana jana. Amekuwa mzee kama mimi, jicho moja lina mtoto. Nilimweleza shida yangu, na siku ya pili akaja kwangu, akakaa kibarazani, mke wangu akampa chai na mihogo. Nikaibonyeza lizombe yangu. Aliisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama, jinsi alivyokuwa akisikiliza kule chini ya kinanda.

"Mapigo ni hayo," akasema. "Lakini huyu anamtazama nani?"

Nikamwambia hatazami mtu, ni mashine.

"Ngoma inapigwa miguuni mwa mchezaji. Mimi namtazama yule mama anayeingia, mguu wake ukiwa juu nangoja ushuke. Huyu atajuaje kuwa mguu bado uko juu?"

Sikuwa na jibu. Kwa kujitetea nikamwonyesha kwamba naweza kuipunguza mwendo. Nikaishusha kutoka mapigo 120 kwa dakika hadi 80, nikapiga nayo kinanda, na nilipofika pahali pangu pagumu nikajikwaa, kama kawaida. Mashine ikaenda zake.

"Umesema inakusubiri," akasema.

"Sikusema inasubiri. Inatembea polepole tu."

Akacheka sana, mpaka chai ikamwagika. Kisha akavuta debe tupu la mahindi lililokuwa pembeni, akaligeuza, akaniambia nizime kitu changu na nirudie wimbo. Nikarudia. Nilipokaribia pahali pale sikumtazama, lakini nilisikia vidole vyake vinapungua juu ya bati, vinabaki kama matone ya paa baada ya mvua, nami nikavuka, vibaya, lakini nikavuka.

Nilimwomba radhi siku hiyo, kwa maneno machache ambayo si ya kuandika. Yeye akajibu kwamba ile mbao ilikuwa ikikwama kweli mara nyingine.

Tumepatana aje Alhamisi na ngoma yenyewe, ili niinase sauti yake katika kompyuta kwa ajili ya vijana. Amesema ngozi imelegea kwa masika haya na itataka moto kwanza. Kuni nimekwisha kuzianika.